Kura ya Pili ya Mwenyekiti Kipande

Mashine ya kusaga ya kijiji cha Mchangarawe ilikuwa ya Mwenyekiti Kipande. Siku ya uchaguzi watu walijipanga nyuma ya mgombea wao huku yeye akiwakodolea macho, na aliyesimama kwa mpinzani hakusagiwa tena mahindi.

Mwaka huo mpinzani alikuwa Bi Sijaona, mkunga. Tunu muuza vitumbua, mwoga hata wa jogoo wake mwenyewe, alimwendea Kipande.

"Mwenyekiti, watu wanakupenda, ila wanamwonea haya mkunga aliyewazalisha. Na mimi na unene huu, nitajificha wapi asinione?"

"Tufanyeje basi?"

"Weka sanduku na pazia. Kila mtu apige kura kwa siri, hata wasioweza kusimama foleni."

Kipande akafurahi, akatoa pazia la sebuleni kwake.

Alipata kura mbili.

"Moja niliipiga mwenyewe!" alifoka kesho yake mashineni. "Ya pili ni ya nani?"

"Yangu," alisema Tunu, akitua debe lake.

"Yangu mimi," alisema wa nyuma yake, na wa nyuma yake, hadi barabarani.

Kipande akawasagia wote.

Njiani Tunu alijicheka. Wenzake walidanganya. Yeye, nyuma ya pazia, aliogopa kwelikweli, akampigia Kipande.