Kiganja Chini ya Vanishi

Vanishi haifuti kiganja.

Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu. Mmemsikia mama yenu akimwambia mjomba wenu leo asubuhi, mkadhani ni maneno ya wahenga. Wahenga gani? Aliyeyasema kwanza ni mimi hapa, nilipokuwa na duka la rangi kule Morogoro.

Siku moja alikuja Fundi Kobelo, mchomeleaji wa mtaa wetu. Alikuwa ametengeneza rafu kubwa ya vitabu ya Mwalimu Mkude, na mwalimu hakutaka rangi. Alitaka kukiona chuma chenyewe.

"Itakaa ndani au nje?" nikamuuliza.

"Ndani, sebuleni."

"Basi mafuta usipake, yatachafua vitabu. Nta inapendeza, lakini kila baada ya miezi michache lazima uirudie. Chukua vanishi ya chuma, hii isiyo na rangi. Ila chuma kiwe safi kabisa."

"Bi Chausiku, mimi na chuma, wewe ndiye wa kunifundisha?" Akacheka, akaondoka na kopo lake.

Haikupita miezi miwili, nikamwona amesimama barabarani mbele ya duka langu, anapaza sauti. "Jamani, huyu mama anauza vanishi feki! Rafu ya mwalimu imeota kutu!" Jioni watu watatu walinirudishia makopo ambayo hata hawakuyafungua. Kesho yake duka lilikuwa kimya. Iliniuma sana, maana duka lile nililijenga kwa jina langu tu.

Nikasema sitagombana kabla sijaona. Nikamfuata Kobelo, tukaenda wote kwa mwalimu.

Kutu ilikuwepo kweli. Lakini nilipopitisha ukucha juu yake, vanishi ilikuwa laini, haijabanduka popote. Kutu ilikuwa chini yake. Tena haikuenea. Sehemu kubwa ya rafu ilikuwa inang'aa, ila ubavuni palikuwa na madoa machache yaliyokaa pamoja. Nikajiuliza, vanishi mbovu inachaguaje mahali pa kuharibikia? Nikainama, nikaitazama rafu kwa upande, mwanga wa dirishani ukiipiga. Nikaona vidole.

"Fundi, kabla ya kupaka mlifanya nini?"

"Tuliipiga msasa, tukaifuta. Halafu tukaiaga."

"Mkaiaga?"

Akanieleza. Karakana yao ilikuwa na desturi tangu enzi za baba yake: kazi ikiisha, kila mmoja huweka kiganja juu yake na kusema, "Kakae salama." Vyuma vyao vyote vilipakwa rangi nzito, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujua viganja vile viliacha nini. Viliacha jasho, na jasho lina chumvi.

Mwalimu Mkude akaanza kuvihesabu. "Mbona hiki kina vidole vinne?"

Kobelo alikatwa kidole cha shahada na mashine akiwa kijana. Akanyoosha mkono wake taratibu, akauweka juu ya ile kutu, ukaenea sawasawa.

"Basi," akasema huku akitazama chini, "nitapaka tena, nene zaidi, ifunike."

"Vanishi haifuti kiganja, Fundi," nikamwambia. "Inakitunza."

Ilibidi aibandue yote, apige msasa upya, afute kwa thina, kisha apake akiwa amevaa glovu. Ilipokauka ndipo wakaiaga, na mwalimu akawa wa kwanza kuweka kiganja chake.

Siku mbili baadaye Kobelo alinijia kupitia mlango wa uani, ameshika kilo mbili za sukari na doti ya khanga.

"Za nini?" nikamuuliza.

"Za yale yaliyotokea. Tuyasahau, mama."

Hasira zikanipanda. "Ulinichafua barabarani mchana kweupe, halafu unakuja kuniomba radhi uani?"

Akaviweka vitu vyake chini, akapita katikati ya duka langu hadi barabarani, akasimama palepale aliposimama siku ile. Akaita watu. Walipokusanyika, akainua mkono wake wenye vidole vinne.

"Kutu ilitoka kwenye mkono huu," akasema. "Mali ya Bi Chausiku ni nzima, mimi ndiye niliyemsingizia. Nimemletea sukari, nimemletea khanga, nikadhani yamekwisha. Lakini vanishi haifuti kiganja."