Kijiwe cha Pili

Mwaka ule jua lilikaa juu ya nyika kama mgeni asiyejua kuaga. Mito ikageuka njia za vumbi, na wanyama wakabaki na kisima kimoja tu, ambacho Kobe alidai kakichimba mwenyewe. Kwa kucha zipi, hakuna aliyemuuliza; mwenye kiu haulizi.

Kisima kilikuwa shimo refu lenye giza, na mchotaji aliteremka kwa kamba. Kobe aliweka masharti: mchotaji atupe kijiwe, asikilize. Atupe kingine, asikilize tena. Ndipo ateremke. Simba akaona masharti hayo hayana adabu, maana yeye hakutajwa popote. Akaongeza lake: kila mchotaji kwanza akizunguke kisima huku akimsifu mfalme, kuanzia manyoya hadi mkia.

Sungura ndiye aliyezigeuza amri za wakubwa kuwa maneno ambayo hata Ngiri angeyafuata. Simba akinguruma kutwa nzima, Sungura humwambia Ngiri, "Shika kamba, teremka," na kazi inakwenda. Kwa kufupisha alisifika sana. Lakini foleni ya maji ilipangwa kwa ukubwa wa mwili, na sifa hazimnenepeshi mtu. Kila jioni alirudi kwa mkewe, aliyejifungua juzijuzi, akiwa na kibuyu kitupu na hadithi ndefu.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, midomo imempasuka, "hadithi zako hazinyweki."

Asubuhi yake Sungura akamwendea Simba. "Bwana mkubwa, foleni haiendi kwa sababu amri ni ndefu. Niruhusu niipunguze."

"Foleni ikiisha leo kabla ya adhuhuri, kesho kibuyu cha kwanza ni chako. Utapunguza wapi?"

Sungura alijua fika pa kupunguza. Zile sifa ndizo zilizokula asubuhi nzima. Akautazama mdomo wa Simba, akayaona na yaliyomo ndani.

"Sifa hazigusiki, bwana. Ni hivi vijiwe."

Akapita kwa Kobe, walau isemwe aliuliza.

"Mzee Kobe, kijiwe cha pili kina tofauti gani na cha kwanza?"

"Hakina."

"Vinaongeza maji?"

"Haviongezi."

"Basi vya nini?"

Kobe akakivuta kichwa ndani kidogo. "Viache vilivyo, mwanangu. Usivipunguze, usivipange upya, usiniulize."

Sungura akacheka hadi masikio yakacheka naye. Wazee bwana, akawaza, wakishindwa kueleza huita siri. Akavifuta vijiwe vyote viwili.

Siku hiyo foleni ikaisha jua likiwa bado upande. Hakuna aliyedhurika, hakuna aliyeona kilichopungua. Sungura akatembea kifua mbele, akamwambia kila aliyekuwa tayari kusikia, na wengine ambao hawakuwa tayari.

Kesho yake akaja na kibuyu cha mkewe. Fisi alikuwa pale kabla yake, ulimi nje.

"Shemeji, kamba hii itakuchuna viganja. Nikuchotee?"

"Kwa malipo gani?"

"Nusu tu. Na kilichobaki kwenye nusu yako."

Sungura akamcheka, akampa kibuyu. Fisi akazunguka kisima akisifu manyoya ya mfalme kwa haraka ya mwenye kiu, akashika kamba, akateremka.

Punde sauti nzito ikatoka chini: "Nani huyu anaingia nyumbani kwa mtu bila hodi?"

Alikuwa Chatu, na tayari alikuwa amemzunguka Fisi kiunoni. Ngiri na wenzake wakavuta kamba, Fisi akilia, kingo zikiporomoka. Alipotoka alikuwa mwembamba kuliko alivyoingia. Maji yakawa tope, na kibuyu kikabaki huko vipande vipande.

"Jana mbona hakuwapo?" Sungura akauliza.

"Jana nilikwenda kuwinda," Chatu akajibu kutoka gizani. "Au nikuage wewe?"

Simba akamgeukia Kobe, na Kobe ikambidi aseme. Kisima hakukichimba; ni nyumba ya Chatu, yeye Kobe aliomba tu ruhusa, akaona aibu kusema.

"Kijiwe cha kwanza ni hodi," akanong'ona, "ili ajisogeze kwenye mwanya wake. Cha pili ni kusikiliza kama ameshasogea. Kikilia majini, teremka. Kikilia mgongoni mwake, ngoja. Vijiwe ni vilevile. Majibu ndiyo yanayobadilika."

Chatu akakubali wachote tena tope likitulia, vijiwe vikirudi. "Ila zile kelele za asubuhi, za manyoya sijui mkia, hizo punguzeni."

Simba akakohoa, akatazama mbali. Amri ikapita.

Kutupa vijiwe na kusikiliza akapewa Sungura, maana masikio anayo, na zamu yake ya kuchota ikabaki mwisho kabisa. Jua likizama akafika kwake na kibuyu cha kuazima, nusu yake maji, nusu yake udongo.

Mkewe akasikia kijiwe kikigonga mlango. Kimya. Kisha kingine.

"Si uingie, baba watoto? Hii si nyumba yako?"

"Ngoja kwanza," Sungura akasema nje. "Nasikiliza."