Maneno ya Mwalimu Ambakisye

Ukumbi mtupu haupimi sauti. Methali hii mmeisikia leo mkacheka, kisha mkaniuliza nani kaitunga. Haikutungwa na mtu. Ilitoka msibani, kwa hiyo punguzeni kicheko. Ilianza hivi.

Huko Tukuyu alikuwapo fundi wa vipaza sauti, Asegelile, hodari kwelikweli ila mbishi. Alipofariki Mwalimu Ambakisye, familia ilimwita aje afunge mitambo kwenye ukumbi wa kanisa. Marehemu alikuwa amerekodi maneno machache kwenye simu akiwa hospitalini, ya kumuaga mama yake. Mama huyo, Bibi Tusajigwe, alikuwa mgonjwa naye, hakuwahi kufika kumwona. Maneno yale ndiyo yote aliyobakiwa nayo.

Asubuhi Asegelile alipima mitambo akiwa peke yake. Kuta za saruji zilirudisha kila neno, basi akapunguza sauti nyembamba, zile kali za juu zinazobeba matamshi, mpaka mwangwi ukatulia. Mwinjilisti wa kanisa hilo akapita, akamwambia, "Fundi, ngoja watu wakae kwanza."

"Nimeshapima, Mwinjilisti. Sigusi tena."

Basi watu wakajaa, na makoti yao ya baridi. Miili na nguo zikaumeza mwangwi wote, na sauti nyembamba alikuwa ameshaiondoa. Simu ilipowashwa ukasikika mvumo mzito, kama mtu anayeongea amejifunika blanketi.

"Anasema nini?" Bibi akauliza, maana siku hiyo aliletwa akakalishwa mbele. "Huyo si mwanangu. Mwanangu alikuwa akitamka."

Asegelile aliona aibu. Angeweza kuisingizia simu, na nani angejua? Lakini alimtazama yule mama, akashindwa. Akasimama mbele za watu.

"Bibi, kosa ni langu. Nilipima ukumbi ukiwa hauna watu. Naomba nirudie."

"Rudia, baba," Bibi akasema taratibu.

Akarudia. Safari hii aliipandisha sauti nyembamba kidogo kidogo, macho yake yakiwa usoni kwa yule mama.

"Mama, shikamoo," sauti ikasema, wazi kabisa.

"Marahaba, mwanangu," Bibi akaitika. Hapo ukumbi mzima ukalia, na fundi naye akalia.

Ndiyo maana watu wa kule, wakimwona mtu amejifungia peke yake anaamua mambo ya wenziwe, hawagombani naye. Humwambia tu: ukumbi mtupu haupimi sauti.