Mke wa Dobi na Majasusi Watatu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na nchi ambamo masikio yalilipwa mshahara na midomo ikatozwa faini!

Hapo kale, huko Bara Hindi, alikuwapo Mfalme Ugrabahu, aliyetawala kwa kanuni. Kanuni yake ya majasusi ilikuwa hii: akisema mmoja, ni umbea, wakisema wawili, ni njama, wakisema watatu wasiojuana, ni kweli, na mjadala umefungwa.

Basi watatu wakasema kuwa Gopaka, dobi wa mtoni, amemwita mfalme punda. Gopaka alikuwa akimsema punda wake. Akahukumiwa kukanyagwa na tembo siku ya tatu.

Mkewe, Malini, hakulia. Alikuwa na nguo za watu. Akafua, akafikiri. Akafua, akafikiri. Akafua, akang'amua. Yule mwombaji wa sokoni, yule mtawa wa msituni, yule kichaa wa njia panda, wote humletea nguo. Nanyi mnaonisikiliza, mmewahi kuona mwombaji mwenye dobi?

"Kumbe majasusi ndio hawa," akasema moyoni.

Akaja mwombaji kuchukua nguo zake. Malini akamnong'oneza, "Mume wangu amefia gerezani asubuhi. Usimwambie mtu, kaka."

"Nimwambie nani, dada, na ufukara huu?"

Akaja mtawa, akanong'onezwa yaleyale. "Mimi ya dunia niliyaacha zamani, mwanangu," akasema, akaondoka mbio.

Akaja kichaa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa utaratibu, "Asubuhi saa ngapi?"

Siku ya tatu tembo akaletwa. Gopaka akaletwa. Waziri akainama mbele ya mfalme.

"Mtukufu, huyu hauawi. Amekwisha kufa. Wamesema watatu."

"Mbona namwona anapumua?"

"Macho yako ni mawili, Mtukufu. Majasusi ni watatu."

Mfalme akawaza. Akiwakataa watatu leo, wale wote waliokwisha kukanyagwa kwa maneno ya watatu, atawaambia nini wajane wao? Akaashiria tembo arudishwe.

"Lakini mimi mzima," akaanza Gopaka.

"Maiti hamjibu waziri," akakemewa.

Malini akaitwa achukue maiti wake, akatia dole gumba kwamba amempokea. Akatangulia kwenda nyumbani, na maiti akamfuata nyuma, akiuliza kumepikwa nini.

Ngano yangu imekaa kitako. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni waziri.