Aliyeikwepa Foleni ya Krismasi

Tulieni kidogo, wapendwa. Watoto wa benchi la mbele, sogeeni mwenzenu apate kukaa. Leo nina safari moja ya kuwasimulia, na si ndefu.

Alikuwepo baba mmoja, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyeishi hapa Dar es Salaam na mkewe na watoto wao. Mnajua wenyewe mambo ya Desemba. Watu wa mlimani wanapanda kwao kula Krismasi, na magari yanafuatana kama siafu, Chalinze mpaka Same. Baba huyu aliichukia foleni kuliko homa. Basi akanunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti, akaweka vitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Watoto wakaliita nyumba ya matairi. Walisafiri nalo Iringa, Mbeya, hata Kigoma, na hawakukwama mahali popote. Alijua siku ambazo malori hupungua kwenye mizani. Alikuwa na marafiki madereva wa masafa marefu, na hakuwasha gari kabla ya kuwapigia simu kuuliza hali ya njia. Sisemi alikosea. Kupanga safari ni akili.

Ila ipo njia moja ambayo haikupata siku nzuri: ya kwenda kwa baba yake mzazi.

Yalikuwa yametokea mambo. Siku ya kumzika mama, huyu mwana alikwama kwenye foleni, akafika kaburi limekwisha kufukiwa. Mzee, kwa uchungu, akamwambia mbele ya waombolezaji wote, "Umekuja kufanya nini? Wageni wamemzika mama yako." Mwana akageuka pale pale. Akarudi mjini, na tangu siku hiyo hawakuketi pamoja tena.

Mnaona, wapendwa, kwamba kila mmoja alikuwa na donda lake? Tusiharakishe kumhukumu mtu.

Mwaka mmoja, Novemba, mdogo wake aliyeishi na mzee akapiga simu.

"Kaka, mzee anakuulizia. Ana neno na wewe."

"Si aniambie hapa hapa?"

"Anasema si neno la simu. Njoo Krismasi."

"Krismasi njia haipitiki, bwana. Nitakuja Januari, ikiwa nyeupe, haina magari."

"Pasaka ulisema mvua. Agosti ukasema malori. Kaka, umekuwa meneja wa barabara siku hizi?"

Yeye akacheka. Mkewe, aliyekuwa akimenya viazi, hakucheka. "Baba Aikande," akasema, "mzee kifua hakimpi raha. Twende na foleni yetu hivyo hivyo."

"Mama Aikande, barabara haikimbii."

"Sikusema barabara."

Krismasi ikapita, mwaka mpya ukaingia, watu wakaanza kushuka kurudi mjini. Hapo ndipo baba yule akapakia familia, akaondoka, wala hakumjulisha mtu. Na kweli, alikuwa amepiga hesabu vizuri. Upande wake njia ilikuwa tupu. Upande wa pili, wale wanaoshuka, magari yalisimama mpaka macho yanachoka. Karibu na Same akaegesha pembeni, akatoa viti, akawasha jiko, wakanywa chai huku wakitazama watu wanavyoiva ndani ya magari.

"Poleni!" akawapigia kelele. "Mngeniuliza mimi!"

Mama mmoja mnene, anayejipepea kwa kanga, akatoa kichwa dirishani. "Asante, baba. Sisi tunatoka kwetu, tumeshiba. Wewe unakwenda kula na nani?"

Watoto wakacheka. Baba yao akamimina chai nyingine.

Alipofika nyumbani kwa mzee aliikuta nyumba imefungwa. Jirani, bibi mmoja aliyekuwa akiwapa ng'ombe majani, akanyoosha mgongo akamtazama kwa mshangao.

"Mwanangu! Hamkupishana?"

"Na nani, mama?"

"Na baba yako! Ameondoka asubuhi na mdogo wako. Anakwenda kwako."

"Kwangu? Mbona hawakunipigia?"

"Alikataza. Alisema, 'Akijua nakuja, atapanga safari nyingine.'" Bibi yule akaweka majani chini. "Nilimsihi asubiri magari yapungue. Akaniambia, 'Foleni ndiyo ilimchelewesha mwanangu siku ile, nami nikamtukana. Acha na mimi nikakae humo.'"

Mwana akampigia mdogo wake simu. Ikapokelewa. "Kaka," mdogo wake akasema, kisha ikawa kwikwi tu. Kifua cha mzee kilikuwa kimebana wakiwa katikati ya foleni. Walipiga honi, watu wema walijitahidi kuwapisha, lakini hapakuwa na pa kupita. Alikata roho kwenye kiti cha nyuma, karibu na Same. Labda gari la mzee lilipita mbele ya kikombe chake cha chai. Labda halikuwa limefika bado. Hakuna aliyewahi kujua, na nadhani hilo ndilo lililomnyima usingizi miaka yote.

Walipomrudisha mzee nyumbani na kumvua koti, ndani ya mfuko walikuta jani la isale limefungwa kwenye leso safi. Kwa wasiotoka mlimani, nieleze polepole. Isale ni jani la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu unampelekea hilo, na akiletewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama kosa ni kubwa namna gani. Basi huyu mzee, mwenye mvi zake, alikuwa amelichuma mwenyewe akalibeba kumpelekea mtoto aliyemzaa. Yule mdogo mtu akamkabidhi kaka yake. Mwana akalipokea kwa mikono miwili, akabaki nalo hapo uani, hajui la kulifanyia. Atamjibu nani?

Ndugu zangu, yule baba ni sisi. Tunazo safari tunazozipangia siku nyeupe. Nitamtembelea dada nikishapata nafasi. Nitasema na jirani hasira zikipoa. Nitazungumza na mwanangu akimaliza mitihani. Sababu zetu nyingi ni za kweli, kama foleni ilivyokuwa ya kweli. Na wakati tunangoja, yupo mtu mgonjwa amejikongoja kutoka kwake, anatutafuta, na sisi hatujui hata kama ameondoka.

Nimefundisha watoto kwa miaka mingi. Mtoto akigombana na mwenzake asubuhi, mapumziko hayaishi kabla hawajagawana muhogo. Hangoji njia iwe nyeupe. Ni wapi tulijifunza kungoja?

Sitaomba mnyooshe mikono. Wimbo wa kufunga tutauimba baadaye kidogo. Sasa nitakaa hapa kwenye kiti, ninyamaze. Mwenye mtu wa kumpigia simu, atoke nje akapige. Mlango uko wazi, na sisi tuliobaki hatutageuka kumtazama anayetoka.