Sheha Kenge na Hali ya Dunia

Paukwa.

Pakawa.

Paukwa kisima.

Pakawa ndoo tupu.

Na mwenye ndoo yuko wapi?

Yupo, kakaa, anasubiri.

Basi na asubiri, nasi tumsimulie.

Palikuwa na kisiwa kikiitwa Chumvini. Mbele bahari, nyuma bahari, kulia bahari, kushoto bahari, na katikati kisima kimoja cha maji baridi. Kisima kile kilichimbwa na akina Sange, wanyama wadogo waoga. Walichimba mchangani kwa pua zao, wakachimba, wakachimba, na ndiyo maana mpaka leo pua za akina Sange zimechongoka.

Wanyama walipoongezeka, wakasema kisima kinataka mwangalizi. Wakamchagua Kenge awe sheha wao, kwa kuwa ana shingo ndefu ya kuona mbali na mkia mrefu wa kufukuzia wezi. Kenge akapanda juu ya ukingo wa kisima, akaapa.

"Mimi, sheha wenu, nitawajibika."

Wanyama wakapiga makofi. Neno lilikuwa kubwa tena jipya, na kila mmoja alilielewa alivyojaliwa. Wengi walidhani amesema atawajibu. Na kweli, tangu siku ile Kenge alijibu. Kila aliyeuliza alijibiwa.

Kikaja kiangazi. Zamani ndoo ikitupwa kisimani ilisema chubwi. Sasa ikitupwa ilisema kong. Ukiivuta, inakuja na vumbi. Ukiitupa tena, kong.

Katika akina Sange alikuwapo mama mmoja kijana. Alikuwa na watoto wawili, Subira na Kazija. Subira alikufa kwa kiu mwezi wa kwanza wa kiangazi, akabaki Kazija, naye ulimi wake ulikuwa umekauka kama jani la mkorosho. Watu wakamwita yule mama Mama Kazija, maana jina la Subira lilikuwa zito kulitaja. Mama Kazija alikuwa na haya. Mbele ya wawili alizungumza, mbele ya watatu alinong'ona, mbele ya wanne sauti ilimpotea kabisa.

Kila Ijumaa alasiri wanyama walikusanyika kisimani kusikiliza taarifa. Sheha Kenge alikuja akiburura mkia, kwaru, kwaru, kwaru, akakaa juu ya ukingo. Msemaji wake alikuwa Kunguru, aliyekuwa akiruka mpaka bara na kurudi.

"Kwaa, kwaa. Habari za dunia," alisema Kunguru. "Huko ng'ambo Tembo na Kifaru wanagombea dimbwi. Tembo kasema langu. Kifaru kasema langu. Wanakanyagana, na nchi yote inatetemeka."

"Tembo yupi?" aliuliza Komba, ambaye makazi yake yalikuwa juu ya minazi, karibu na vibuyu vya wagema. "Wa porini au la mnazini? Maana kama ni la mnazini, mimi niko tayari kwenda kuwaamua."

Wanyama walicheka kidogo. Midomo mikavu haicheki sana.

Kenge akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mmesikia wenyewe. Dunia imechafuka, ndugu zangu. Wakikanyagana kule, maji yanakimbia huku. Sisi ni kisiwa tu. Tuvumilie. Subira huvuta heri."

Mama Kazija aliposikia jina lile aliinamisha pua mpaka ikagusa mchanga.

Ijumaa ya pili ikawa vile vile. Kwaru, kwaru, kwaru. Kwaa, kwaa, Tembo kampiga Kifaru. Dunia imechafuka. Subira huvuta heri.

Ijumaa ya tatu akasimama Mzee Kobe, polepole, mguu mmoja, mguu wa pili.

"Sheha, mimi sikuulizi habari za Tembo. Tembo simjui, wala yeye hanijui. Nakuuliza maji ya kisima chetu yamekwenda wapi."

Kenge akamtazama, ulimi ukatoka, ukaingia.

"Swali zuri, mzee wangu," alisema. "Nimelipokea."

Kesho yake alasiri Kobe alikutwa chali katikati ya uwanja, miguu juu. Walipomfikia, jua lilikwisha kumaliza kazi yake. Na pale uwanjani hapakuwa na jiwe wala shimo la kumkwaza mtu.

Ijumaa Kunguru akatangaza. "Kwaa. Kobe alitaka kupindua, akapinduka mwenyewe. Uchunguzi unaendelea."

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Waliuliza habari za Tembo. Waliuliza Kifaru anaendeleaje na jeraha lake. Komba akaweza kusema majina ya majemadari wote wa Tembo bila kukosea, na hakujua jirani yake amekula nini.

Lakini Mama Kazija, kwa kuwa hakuwa akisema, alikuwa akitazama. Na Ijumaa moja aliona kitu. Kenge alikuwa anazungumzia ukame wa dunia, na nyuma yake ncha ya mkia ilikuwa inadondoka. To. To. To. Mchanga chini yake umelowa duara la kikombe cha kahawa.

Alirudi kwake, akamlaza Kazija kifuani.

"Mama, ndoo imesemaje leo?" aliuliza Kazija.

"Imesema kong."

"Na mchanga nao unasema kong?"

Mama Kazija akawaza. Kisima kile kilichimbwa na bibi zake, na bibi zake walichimba mchanga. Mchanga hausemi kong. Kitu kinachosema kong ni jiwe.

Kesho yake mchana, Kenge alipokuwa akirudi kwake, Mama Kazija akafuata matone. To, hapa. To, pale. Yakamfikisha kwenye vichaka vya nyuma ya kisiwa ambako sheha alikuwa amekataza watu wasiende, eti kuna nyoka. Akachungulia. Hakuona nyoka. Aliona bwawa, maji baridi, yametulia, na Kenge yumo ndani mpaka shingoni. Gubu, gubu, gubu. Anakunywa, anapumzika, anakunywa tena. Maji yalikuwa yakimjia kutoka chini ya ardhi, kwa upande wa kisima.

Hapo akaelewa yote. Kenge ameziba jicho la chemchemi kwa jiwe, chini kabisa ya kisima, na maji yamekosa njia yakageukia kwake.

Sasa afanye nini? Aseme mbele ya watu? Sauti hana, na Kobe alikuwa na sauti. Alitoe jiwe? Jiwe lile huenda ni kubwa kumshinda mara kumi. Asubiri? Jina la subira amekwisha kulizika kwa mikono yake. Kazija amebakiza siku sita, labda saba.

Wazee walisema kenge hasikii mpaka atoke damu masikioni. Mama Kazija akawaza kwamba wazee walisahau jambo moja. Maonyo Kenge hasikii, lakini sifa anazisikia hata zikipita nyuma ya ukuta.

Siku ya Alhamisi akaenda mlangoni kwa Kenge.

"Hodi, sheha. Shikamoo."

"Marahaba. Nani? Mbona sikuoni?"

"Niko huku chini, sheha. Ni mimi, Mama Kazija. Nimekuja kukupongeza."

Kenge akateremsha shingo. "Kwa lipi?"

"Kwa habari za ng'ambo. Nadhani Kunguru amekwisha kukuambia. Tembo na Kifaru wamechoka. Wanatafuta wa tatu awashikie lile dimbwi mpaka wapatane. Wamesema awe kiongozi wa mahali padogo, asiye na tamaa. Nasikia jina lililotajwa ni lako."

Kenge alimeza mate. Gubu. "Dimbwi lenyewe ni kubwa?"

"Wanasema ukisimama upande huu huuoni upande wa pili."

Gubu, gubu. Kenge akaita kwa sauti. "Kunguru. Mbona hukuniambia habari ya dimbwi?"

Kunguru alikuwa juu ya paa. Neno lenyewe alikuwa amelisikia sasa hivi, lakini msemaji hawezi kusema hajui. "Kwaa. Nililijua tangu juzi, mheshimiwa. Nilikuwa nalihakiki."

Basi Kenge akaamini. Aliyezoea kusema uongo wa mbali hana tena njia ya kuujua ukweli wa mbali.

"Sasa wananitaka nifanye nini?"

"Kesho Ijumaa watamtuma mjumbe wao, Korongo," alisema Mama Kazija. "Anataka kuona kwa macho yake kiongozi anayetiiwa na maji. Kiongozi huyo akishuka kisimani, maji yanapanda. Mimi niliona aibu, sheha. Nikasema jambo hilo nani analiweza."

Kenge akacheka, mkia ukacheka naye, cha, cha. Moyoni akajisemea, kisiwa kizima wajinga, na ng'ambo pia wajinga. Nitalitoa jiwe langu, Korongo ataona, kisha nitalirudisha mahali pake. Lakini kwa mdomo akasema, "Hilo ni dogo. Mimi ninawajibika."

Ijumaa alasiri wanyama wote wakafika. Mama Kazija akaja na Kazija mgongoni, kichwa kimelegea. Kenge akawaambia wakae wimawima, maana kuna ugeni mkubwa, kisha akateremka kisimani kwa kucha, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka giza la chini likammeza.

Wakasikia akihema. Wakasikia kitu kikisogea, grrr. Halafu wakasikia sauti ambayo walikuwa wameisahau. Foo. Foooo. Maji yakapanda, yakafika tumboni kwa Kenge, yakafika shingoni, yakaanza kumwinua. Na jiwe je? Akiliachia katika maji mengi vile litazama, na kesho atalipataje? Tamaa ikamkaza mikono. Akapanda nalo mpaka juu, akatokeza mbele ya watu, amelikumbatia kama mama aliyekumbatia mwana.

Lilikuwa jiwe bapa, limeviringwa kwa ufundi, lina alama za kucha pande zote. Wanyama wakalitazama. Wakazitazama kucha za Kenge. Wakalitazama tena jiwe.

"Mjumbe yuko wapi?" aliuliza Kenge kwa sauti ya chini.

"Hajafika, sheha," alijibu Mama Kazija, naye kwa sauti ya chini. "Labda njia zimefungwa. Dunia imechafuka."

Kenge akamkazia macho. Hapo ndipo alipoelewa, lakini watu walikuwa wengi, na jiwe lilikuwa bado mikononi. Ilibidi ajibu, naye alikuwa hodari wa kujibu.

"Ndugu zangu," alisema, "mnaliona jiwe hili? Hili limewekwa na Tembo na Kifaru. Maadui wa kisiwa chetu walikuja kwa siri wakatuziba maji. Nimeingia mwenyewe, nimehatarisha maisha, nimelitoa."

"Kwaa," alisema Kunguru. "Nililijua tangu juzi."

Komba akakuna kichwa. "Tembo mzima aliingia kwenye kisima kile?"

"Ni Tembo mwembamba," alisema Kenge.

Wengine walianza kukubali kwa vichwa, maana kukubali kulikuwa kwepesi kuliko kumkumbuka Kobe. Mama Kazija akahesabu waliokuwapo. Walipita wanne, walipita arobaini. Akahisi pumzi ya Kazija mgongoni, fupi, fupi. Akasema, na sauti ilitoka nyembamba kama uzi.

"Kama ni jiwe la maadui, tulivunje. Wasije wakalirudisha."

"Kweli," alisema Komba. "Tulivunje."

"Tulivunje," walisema wote.

Kenge angesemaje? Kwamba jiwe la adui litunzwe? Na kwa kuwa yeye ndiye sheha, wakampa heshima ya kupiga wa kwanza. Akainua mkia taratibu kama mtu anayepiga mtoto wake. Pu. Wenzake wakafuata. Pu, pu, pu. Jiwe likawa kokoto, kokoto zikawa vumbi.

Watu wakakimbilia kisimani. Vyombo havikutosha. Mama Kazija akatazama huku na huku, akaona gamba la Mzee Kobe, lililokuwa limebaki pale uwanjani tangu siku ile, limelala chali kama bakuli. Akalijaza maji, akamshusha Kazija, akamnywesha polepole.

"Mama," alisema Kazija, "chombo hiki cha nani?"

"Cha mtu aliyeuliza," alisema mama yake. "Kunywa."

Nyuma yao watu walikuwa wakiimba.

Kisima kimejaa, ni kazi ya nani?
Ni ya Sheha Kenge, aliyeingia ndani.

Kenge alisimama juu ya ukingo, akawapungia mkono, akatabasamu. Ila macho yake hayakuwa kwa watu. Yalikuwa yakitembea ufukweni, taratibu, kutoka jiwe moja hadi jingine, na Chumvini ni kisiwa kisichopungukiwa na mawe. Mama Kazija akayaona macho yale. Akalijaza gamba mara ya pili, akalifunika kwa jani, akaenda nalo kwake, akalificha.

Na uchunguzi wa kifo cha Kobe? Unaendelea.

Basi wanangu, ngano hii inatufundisha kuwaheshimu na kuwashukuru wakubwa, maana wasipoziba, watazibua nini? Inatufundisha tusiulize maji yamekwenda wapi. Tuulize dunia inakwendaje, tutajibiwa vizuri. Na ukizaliwa kobe, lala chali mapema mwenyewe, usiwasumbue watu wenye kazi nyingi.

Ngano yangu nimeitua hapo. Kama ni tamu, ni ya kisima. Kama ina chumvi, ni ya dunia.