Tuzo ya Bi Chiku wa Udongo

Sogeeni karibu, na wenye simu wazizime. Mwisho wa hadithi hii nitawauliza swali, na sitaki mtu aje kuniambia eti hakusikia vizuri.

Walikuwako watu watatu mjini Morogoro, kila mmoja na kipaji chake. Asteria Mkude alikuwa mfinyanzi. Uso aliouumba kwa udongo, ukiutazama tu utaapa kwamba uliwahi kuuona mahali, labda kwenye foleni ya hospitali, labda kwa jirani yenu wa zamani. Shomari alikuwa fundi saa. Aliweza kuinamia kigurudumu kidogo kama punje ya mtama mpaka chai yake ipoe, iingie nzi, imwagwe, na yeye hajainua kichwa. Rukia naye alikuwa akizunguka mitaani na gari la matangazo, kipaza sauti mkononi. Akitangaza harusi, watu walitabasamu jikoni. Akitangaza msiba, walizima redio. Sauti yake ilijulikana mji mzima, lakini sura yake ungeipita sokoni usiijue.

Hawa watatu waliungana wakatengeneza filamu fupi ya katuni za udongo. Kisa walikitunga pamoja, kamera waliiazima pamoja, na kugombana wakagombana pamoja pia. Chenyewe ni kifupi. Mama mmoja, Bi Chiku, amepika pilau ya sikukuu, anamsubiri mwanawe. Simu inalia. Mwana haji. Bi Chiku anasema, "Haya, mwanangu. Kula vizuri huko." Kisha anafunika sufuria. Basi.

Asteria ndiye aliyemuumba. Alimfinyanga akamvunja, akamfinyanga tena, mpaka akapata yale macho yenye kope nzito, macho ya mtu aliyezoea kuchungulia barabarani na kujifanya hachungulii.

Shomari ndiye aliyemwendesha. Mnajua katuni za udongo zinavyotengenezwa: unausogeza mkono kidogo sana, unapiga picha, unausogeza tena, unapiga nyingine, na siku nzima ya kazi inaisha Bi Chiku hajamaliza hata kugeuka. Ule mkono wenye mfuniko, Shomari aliufikisha juu ya sufuria akausimamisha. Ukarudi nyuma kidogo, kama mtu anayesema labda atakuja. Halafu ndipo ukashuka.

Rukia ndiye aliyempa sauti. Ile "haya" aliirudia wiki nzima, mara iwe ya hasira, mara ya kilio, na wenzake wanatikisa vichwa. Siku aliyoipata, aliisema kwa kicheko kidogo, cha mama asiyetaka mwanawe ajisikie vibaya. Asteria alitoka nje kupenga kamasi.

Basi, mwisho wa filamu, mahali pa jina la mwigizaji, wakaandika kwa utani: Bi Chiku, mwenyewe. Wakacheka sana. Wangejua!

Filamu ikapelekwa kwenye tamasha la filamu fupi na katuni. Mkuu wa majaji alikuwa Mama Leocadia Mwingira, mwanamke aliyeigiza jukwaani mpaka magoti yakamgomea. Ndiye aliyeianzisha tuzo ya mwigizaji bora, na alikuwa mkali nayo. Tuzo yenyewe ilikuwa sanamu ya mpingo yenye kibati cha shaba cha kuchongwa jina moja tu. Mshindi pia alipata mwaka mzima wa kusoma kwenye chuo cha filamu ng'ambo, na nafasi ilikuwa moja, na tiketi moja, na kitanda kimoja.

Mwaka huo waigizaji walikuwa wengi na wazuri, watu wa nyama na damu. Lakini majaji walipokaa, kila aliyefungua kinywa alimtaja Bi Chiku. Mmoja akasema, "Yale macho!" Wa pili akasema, "Mimi ni ule mkono." Mama Leocadia akasema, "Na ile 'haya' je?" Wakakubaliana bila ubishi. Walikuwa wamependa mno, hata hakuna aliyejiuliza udongo utapandaje ngazi za jukwaani.

Siku ya kilele, Mama Leocadia alishika sanamu akatangaza, "Mwigizaji bora wa tamasha ni Bi Chiku! Apande!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Na pale kwenye safu ya nyuma, watu watatu wakasimama kwa pamoja. Wakatazamana. Wakaketi kwa pamoja. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mama Leocadia hakucheka. Ndipo alipoona alichokifanya: tuzo moja, watu watatu.

"Njooni wote," akasema. "Na mwenyewe mleteni."

Asteria akaja na kopo la biskuti. Akafungua kitambaa kibichi, akamtoa Bi Chiku na kumsimamisha mezani. Hakuwa mrefu kuliko chupa ya chai. Sanamu ya tuzo ilimpita kwa kimo.

"Kibati kina jina moja," Mama Leocadia akawaambia. "Nisaidieni, wanangu. Nani kati yenu haitaki tuzo hii?"

Alitarajia wajifanye hawaitaki, kila mmoja amsukumie mwenzake. Lakini hawakuwa watu wa kujikosha.

"Shikamoo mama," Shomari akasema. "Nikisema siitaki nitakuwa mwongo. Bila mimi Bi Chiku angebaki sanamu ya kupambia kabati."

"Na bila mimi ungesogeza nini, kaka?" Asteria akauliza. "Bonge la udongo?"

"Jamani, mimi siwadharau," Rukia akasema. Waliomsikia ukumbini wakashtuka. Kumbe huyu ndiye mwenye ile sauti! "Lakini bila mimi mama wa watu angekuwa bubu. Mngejuaje kama amesamehe?"

Hakuna aliyekosea, na hilo ndilo lililomtesa Mama Leocadia. Aliwapenda wote watatu. Miaka yote jukwaani alikuwa na uso wake, mwili wake na sauti yake, na hajawahi kujua kipi kati ya hivyo ndicho kilichowaliza watu. Akakumbuka kwamba siku ile kwenye kiti cha ujaji, hata yeye alilia. Akajaribu kukumbuka chozi lilimtoka wapi hasa: kwenye macho, kwenye mkono uliosita, au kwenye "haya". Akarudia moyoni tangu mwanzo, akarudia tena. Vilimjia vyote kwa pamoja, kama mtu mmoja.

Chini ya jukwaa fundi wa kuchonga majina alikuwa ameshaweka patasi juu ya shaba. "Mama," akaita, "niandike nani?"

Na mimi hapo ndipo ninapowaachia. Msiniambie sanamu ikatwe vipande. Mpingo ukatikao kwa kisu haupo, na kitanda cha chuo hakilali watatu. Na Bi Chiku mwenyewe msimtaje. Yeye alikwisha kusema "haya", akafunika sufuria yake.

Fundi anasubiri. Je, wewe ungeamua achonge jina la nani?